Jina la Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mume wangu! Naandika tena kwa sababu napenda neno hili linavyokaa kwenye karatasi: mume wangu.

Leo tumekwenda sokoni pamoja. Kutoka hapa nyumbani hadi soko la Ujiji ni karibu tu, lakini ukiwa na Feliksi jiandae kumaliza asubuhi nzima njiani! Kila kibanda — "Mwalimu, shikamoo!" Muuza samaki wa migebuka ameacha wateja wamesimama ili amuulize maendeleo ya mwanawe wa Fomu Tuu. Mama mmoja amemshika mkono, anataka aje kwenye kikao cha bomba la maji kwa sababu bila yeye diwani hawasikilizi. Wazee wa msikitini wamemshukuru tena kwa ule mtaro waliozibua wanafunzi wake. Yeye Mkatoliki mzima, lakini ukiwasikia wale wazee utadhani ni imamu wao!

Mimi nyuma na kikapu, najifanya nimechoka. Moyo unaruka. Mtu wanayemtaka wote hawa, jioni anarudi kwangu!

Halafu ameosha vyombo. Ndiyo, ameosha! Jirani yetu Rozalia amechungulia, akapiga kigelegele: Skola, umemlisha nini mwalimu wa watu? Nikamwambia mawese tu, dada, mawese ya Simbo kwa mama yangu. Tumecheka mpaka mbavu zimeniuma.

Jumatano, 8 Oktoba

Mama mkwe amefika kwa boti kutoka Kagunga. Nilikwenda kumpokea bandarini Kibirizi — ni mara yangu ya kwanza kuwa naye bila watu wa harusi. Ni mwembamba, mrefu, hacheki ovyo. Ameleta dagaa wakavu na mkeka. Anasema huko mpakani milio ya bunduki kutoka ng'ambo, Burundi, imezidi, hapati usingizi. Atakaa nasi mpaka kutulie.

Baada ya chakula akaniita jikoni, akaniketisha. Akaniuliza kama mama yangu alinifunda kuhusu jina. Nikajibu ndiyo, Mama. Baba mkwe hatajwi na mke wa mwanawe. Akasema: hata akiwa amekufa. Hasa akiwa amekufa! Yeye mwenyewe aliishi naye tangu usichana, hajawahi kulitamka, alimwita jina la utani walilompa wavuvi wenzake. "Mwaka huu wa kwanza ndio wenyewe," amesema. "Ukilitaja, umenivunjia nyumba niliyojenga." Nikamshika magoti, nikaahidi.

Feliksi amecheka nilipomsimulia. "Wanafunzi wananiita kwa jina hilo kutwa nzima! Mke wangu peke yake ndiye aliyekatazwa!" Kweli ni kichekesho. Ni jina lake la pili, liko kwenye cheti chetu cha ndoa, nami nilitia sahihi chini yake. Lakini nimeahidi. Nataka nipendwe na mama huyu. Nataka kila kitu kiende vizuri!

Jumapili, 12 Oktoba

Msako umefika mjini. Warundi wote wanaoishi nje ya kambi za wakimbizi wanakusanywa — wapya na wa zamani, hakuna kubagua. Wanawekwa kwenye bohari bovu kule chini ya reli, kisha malori yanawapeleka kambini.

Baada ya misa tumekuta cherehani ya Selestini iko barazani kwake, nguo imeachwa chini ya sindano. Selestini! Fundi aliyeshona gauni langu la harusi. Yuko Ujiji tangu mwaka sabini na mbili, mkewe Muha wa Mwandiga. Mke amekaa chini, analia bila sauti. Anasema wamemchukua na futi yake ikiwa bado shingoni.

Njiani nilishika mkono wa Feliksi ukawa kama mti. Nyumbani akavua shati la misa, akavaa la shule. Nikamuuliza, unakwenda wapi Jumapili? Akasema: kufanya ninachofundisha.

Jumanne, 14 Oktoba

Jamani, mume wangu! Ameweza!

Kule bohari kuna afisa aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, mwanamke, anaitwa Bi Aikande. Feliksi anasema si mkatili, ni mtu aliyechoka na kazi. Amemwambia: sipingi sheria, naomba kila mtu asikilizwe kabla ya kupandishwa lori. Bi Aikande akamwuliza, nitamjuaje mkweli, Mwalimu? Wote hapa lugha zenu zinafanana, sura moja, majina yaleyale. Feliksi akampa njia: chukua mashahidi wawili wa nyumba ya mtu, waulize mbalimbali, kila mmoja peke yake. Maneno yakilingana, mwachie. Yasipolingana, mpeleke.

Akakubali! Watu kadhaa wameshatoka kwa njia hiyo, wengine Waha watupu, wa hapahapa. Selestini hapana. Amesema mwenyewe kwamba alizaliwa ng'ambo, hakutaka kudanganya. Feliksi amerudi na furaha nusu. Nimempikia migebuka kwa mawese, hakumaliza.

Rozalia amekuja, amenong'ona: mwambie mumeo apunguze. Kuna watu wanauliza, huyu anayewatetea Warundi ni nani hasa? Na yule mama yake, mbona anasalimia kama wa kule?

Nimekasirika! Ndiyo, Mama mkwe alizaliwa ng'ambo ya kijito cha mpakani. Akaolewa Kagunga akiwa binti, kama wanawake wengi wa Kagunga. Hiyo ni siri? Baba mkwe alikuwa Mtanzania, na mtu anamfuata baba yake. Nimemjibu Rozalia vibaya kidogo. Nitamwomba radhi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mwalimu Mkuu, Bwana Edson, amekuja hapa, na hajawahi kuja. Alikataa kiti. Alimwambia Feliksi, bwana mdogo, una mke mpya, una Fomu Foo wanaofanya mtihani, waachie serikali kazi yao. Feliksi akamwuliza: nikiulizwa na Fomu Foo kwa nini nilinyamaza, niwajibu nini? Bwana Edson akasema: waambie ulikuwa unasahihisha madaftari.

Feliksi akacheka. Mimi sikucheka.

Usiku nilimwomba akae nyumbani kesho. Kwa ajili yangu tu. Akanikumbatia, akasema kesho ana mzee mmoja wa Mwandiga, akishamtoa huyo atapumzika. Harufu ya chaki kwenye vidole vyake! Nampenda mpaka naogopa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wamemchukua.

Alikwenda kumtetea yule mzee wa Mwandiga. Mzee ametoka, yeye kabaki. Kuna mtu aliyepeleka habari — hatumjui — kwamba Mwalimu naye ni Mrundi, mama yake anaishi naye, ndiyo maana ana uchungu nao.

Cheti cha kuzaliwa hana. Kagunga nani ana cheti cha kuzaliwa? Watu wanazaliwa nyumbani!

Mama amekaa kwenye mkeka, hajalia. Amesema neno moja tu: mimi. Nikamwambia si wewe, Mama. Akasema tena, mimi.

Siwezi kuandika.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimempelekea ugali na dagaa. Nimemwona! Kupitia matundu ya ukuta, lakini nimemwona. Ndevu zimeanza kuota, zinamchafua na kumpendezesha pamoja. Akaniuliza kama nimekula. Yeye ndiye ananiuliza mimi!

Nje wanafunzi wamejaa. Si wa darasa lake tu, shule nzima nadhani, na waliomaliza zamani, na akina mama wa darasa lake la watu wazima la Jumamosi wameleta vibao vyao vya kuandikia kama kawaida. Dainess, kaka mkuu wao wa kike kama wanavyomtania, amewapanga mistari. Wakaanza kuimba wimbo wa shule. Askari wakashika virungu. Nikaona sasa damu itamwagika hapa!

Sauti ya Feliksi ikatoka ndani: "Fomu Foo! Mtihani ni wa nani, wangu au wenu?" Wimbo ukakatika. "Nendeni mkasome. Nikitoka nitauliza maswali."

Wakaondoka. Dainess analia, anarudi nyumanyuma.

Feliksi akaniambia taratibu kwamba Jumatatu tutaitwa mimi na Mama, tuulizwe mbalimbali. Njia yake mwenyewe. Akasema usiogope, sema ukweli tu, Skola. Njia hii ni nzuri. Nimeiona ikiwatoa watu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Naandika kama ilivyokuwa.

Nimeitwa baada ya Mama. Chumba kidogo, meza, Bi Aikande na karani kijana anayetafuna mua. Nikasema shikamoo afande. Akaitikia vizuri tu, akanipa kiti. Umeolewa lini, wapi, nani alisimamia. Najibu, najibu. Hata akatabasamu nilipomweleza jinsi tulivyokutana kwenye kikao cha bomba la maji.

Kisha: "Baba wa mume wako anaitwa nani?"

Nikatazama mua wa karani.

Nilijua jibu! Lilikuwa hapa ulimini, zito kama jiwe. Nikaona uso wa Mama jikoni. Usinivunjie nyumba. Bi Aikande akauliza mara ya pili, kalamu juu. Nikafikiri haraka — kanisani, kwenye matangazo ya ndoa yetu, padri alisoma Feliksi mwana wa Martini. Jina la ubatizo. Hilo halikatazwi! Na ni ukweli! Nikasema: Martini.

Akaandika. Akanitazama. "Martini nani?"

"Martini tu, afande."

Karani akaacha mua. Bi Aikande akafungua mlango, akaagiza Mama aletwe na Feliksi aletwe. Tukasimama wote. Akasema, Mwalimu, wewe umeniambia baba yako ni — akalitaja, lile lenyewe, mbele yetu, na Mama akainamisha kichwa. "Mkeo anasema Martini. Na mama yako mzazi ameniambia mumewe aliitwa Karabai."

Karani akaangua kicheko. "Baba watatu, afande! Mmoja wa shule, mmoja wa kanisa, na mmoja taa!"

Karabai! Ndilo jina la wavuvi. Alikuwa na taa kali kuliko zote, dagaa walimfuata yeye. Mama hakudanganya. Mimi sikudanganya. Feliksi hakudanganya. Na maneno hayalingani.

Nikaanza kueleza mila, maneno yanagongana. Mke hataji, ni heshima, hata mama mkwe mwenyewe hakuwahi. Bi Aikande akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Binti, tangu nifike hapa, kila nikiuliza swali gumu naambiwa ni mila." Akamgeukia Feliksi. "Mwalimu, njia ni yako. Yasipolingana?"

Feliksi amefundisha miaka yote hiyo, hakuna swali ninalojua limemshinda. Alinitazama mimi. Si kwa hasira. Heri ingekuwa hasira!

Lori ni Jumatano.

Jumanne, 21 Oktoba

Bwana Edson hawezi kushuhudia. Anasema yeye alihamishiwa hapa, alimkuta Feliksi kazini, hamjui baba yake wala babu yake. Ni kweli. Lakini alikuwa anatazama viatu.

Mtu wa kutoka Kagunga hawezi kufika. Ziwa limechafuka tangu jana, boti zote zimefungwa Kibirizi. Nimekwenda kuangalia mwenyewe. Mawimbi yanapanda mpaka kwenye vibanda, milima ya Kongo haionekani kabisa.

Niliporudi nimemkuta Mama hajapika, hajala. Nikasema: Mama, nataka kurudi kwa yule afisa. Nataka kulitaja.

Nikasema tena. Akasema nyumba hii ni ya mwanangu na yako. Nikamwambia bila yeye nyumba ni matofali. Nimemjibu hivyo, mama mkwe wangu! Sijui nilipata wapi mdomo.

Akasema mama yake mdogo alilitaja jina la mkwewe kwa hasira, na hakuzika mume mmoja tu. Nikasema wakimpandisha lori atakuwa amezikwa akiwa hai. Akajilaza kwenye mkeka wake, uso ukutani.

Rozalia amenisindikiza kwa Bi Aikande. Alikuwa anafunga ofisi. Nikapiga magoti palepale kwenye mchanga. Akasema inuka, sipendi mambo ya kupigiwa magoti. Nikamwomba atuulize tena. Akasema siwezi kuwauliza mbalimbali tena, tayari mmeshalala nyumba moja, mmeshapatana. Nikadhani basi, kwisha. Akafikiri, funguo mkononi. Akasema: kesho asubuhi, wote wawili, chumba kimoja. "Kama ni mila kweli nitaiona kwa macho. Utalitaja mbele yake. Nitakuwa namtazama yeye, si wewe."

Mbele yake!

Nimemwambia Mama. Hajageuka. Sijui kama atakuja.

Jumatano, 22 Oktoba

Niko kwenye benchi nje ya bohari. Naandikia magotini. Nisipoandika nitapiga kelele.

Amekuja. Asubuhi niliamka nikamkuta ameoga, amevaa kanga mbili mpya, amekaa mlangoni anasubiri. Alitangulia yeye, mimi nyuma, kama mama na mwanawe wanaokwenda misa.

Ndani walikuwepo Bi Aikande, karani — leo bila mua — na Feliksi amesimamishwa pembeni, mikono mbele. Shati lilelile la Ijumaa. Nilitaka kumkimbilia. Nikasimama.

Bi Aikande akasema, haya. Nani baba wa mwanamume huyu?

Nikafungua mdomo. Nikamtazama Mama. Nilikuwa namwomba ruhusa, hata kwa jicho tu, na jicho hakunipa. Akainuka kitini polepole. Nikafikiri anatoka, ananiacha!

Hakutoka. Akavuta kanga ya juu, akajifunika kichwa chote mpaka kidevuni. Akageuka, akatuonyesha mgongo. Akainua viganja vyote viwili, akaziba masikio juu ya kanga. Akasimama hivyo, mrefu, anayumba kidogo. Kisha akaanza kuvuma, mmmm, sauti nzito, ya kujizuia asisikie hata tone.

Akanipa nafasi.

Nikalitaja. Jina la kwanza na la pili, na la baba yake nililofundishwa na mama yangu kwamba nalo nisilitaje. Mara moja, kwa nguvu. Chumba chote kikasikia isipokuwa yeye.

Feliksi alikuwa analia. Mume wangu analia mbele ya askari, hafichi!

Bi Aikande hakuandika kitu. Alikuwa anautazama mgongo wa Mama, kama alivyosema. Akamtazama muda mrefu, mpaka karani akakohoa. Mama bado anavuma. Hajui kama nimemaliza. Ikabidi nimguse bega.

Afisa akachukua faili. Akasema amri ya kumwachia mtu siku ya lori haiwezi kuwa yake peke yake, wakubwa wake wako jengo la pili. Atakwenda kusema alichokiona. Mlangoni akasimama, akarudi nusu hatua, akamwambia Mama shikamoo. Mama hakusikia, viganja vilikuwa bado masikioni.

Hiyo ni tangu asubuhi. Sasa jua limepanda. Feliksi wamemrudisha ndani na wengine. Lori liko hapa, turubai limefunguliwa nyuma, dereva ameshawasha injini akaizima, akaiwasha tena. Selestini nimemwona dirishani, ameninyooshea mkono. Wanafunzi hawapo, wametii. Dainess peke yake yuko chini ya nguzo ya umeme, ana kitabu, hafungui ukurasa.

Mama yuko mwisho mwingine wa benchi. Bado hajajifunua uso. Sijui kama nimekuwa mkwe wake au nimeacha kuwa.

Askari ametoka na karatasi mbili. Moja ya lori na moja ya wanaoachiwa, haelezi ipi anaanza nayo, anasema tu mtu akisikia jina lake ajitokeze. Watu wote wameinuka. Anasoma vibaya, anakata majina katikati, injini inafunika sauti.

Mama amesogea. Amesogea mpaka bega lake limegusa langu. Amesema ndani ya kanga:

"Skolastika. Mimi siwezi kulisikiliza. Sikiliza wewe."

Anaziba masikio. Ameanza kuvuma.

Askari anasoma. Huyu si yeye. Huyu naye si —